Somo: Namna ya kuitazama Blake's 7 kwa macho mapya

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna tamthilia moja ya BBC ambayo ikitajwa tu, watu huanza na kuta zake za studio zinazotikisika, na wakishamaliza kuta hawana la ziada. Nimeitazama mara tatu, mwanzo hadi mwisho, na inaniuma inavyodharauliwa. Somo hili ni la yule aliyeonja sehemu mbili akaacha, na la yule asiyeijua kabisa.

Kwa asiyeijua: ilitungwa na Terry Nation, yuleyule aliyewabuni Dalek, maadui wakubwa katika tamthilia nyingine ya BBC, Doctor Who. Ilirushwa BBC1 kuanzia tarehe 2 Januari 1978 hadi 21 Desemba 1981, misimu 4 yenye sehemu 13 kila mmoja. Wafungwa wanaosafirishwa kupelekwa uhamishoni wanafanikiwa kuteka chombo cha anga kilichotelekezwa, wanakiita Liberator, na kiongozi wao Roj Blake anataka kukitumia kuliangusha Shirikisho linaloitawala Dunia na sayari nyingi. Wenzake wengi wanachotaka ni kubaki hai. Hapo ndipo penye utamu.

Hatua ya 1: Fahamu ilizaliwa siku gani

Star Wars ilianza kuoneshwa London tarehe 27 Desemba 1977. Siku sita baadaye ndipo Blake's 7 ikaingia sebuleni mwa Waingereza. Mtu katoka sinema, macho bado yamejaa vyombo vya anga, anawasha televisheni na kukuta tamthilia ya kila wiki iliyorekodiwa studio kwa kanda ya video, sayari zake zikiwa machimbo ya kokoto. Katika sehemu iitwayo "Time Squad" kambi ya adui ni kituo cha umeme wa nyuklia cha Oldbury, na kinaonekana wazi kuwa ndicho. Mizani ile haikuwa ya haki hata kidogo, na hukumu iliyotolewa siku zile bado inarudiwa na watu ambao hawajaitazama. Wewe itazame kama unavyosikiliza mchezo wa redio: tanguliza masikio.

Hatua ya 2: "The Way Back", na simu uizime

Sehemu ya kwanza haina vita vya angani. Blake ni raia mtulivu anayeishi ndani ya kuba kubwa, na chakula na maji ya humo vimetiwa dawa ya kuwalegeza watu. Ameambiwa asile wala asinywe kwa siku nzima na zaidi, na tunamwona anavyoanza kuamka. Anatolewa nje ya kuba kwa siri, anaambiwa kuwa zamani alikuwa kiongozi wa upinzani na kumbukumbu zake zikafutwa. Kisha askari wenye vinyago wanaua kila mtu kwenye ule mkutano, isipokuwa yeye.

Ila kinachonitetemesha zaidi ni kesi yake. Serikali haitaki kumfanya shujaa kwa kumuua, kwa hiyo inamtungia kosa la kudhulumu watoto. Ushahidi wa pande zote mbili unapachikwa kwenye mashine, na mashine inatoa hukumu. Wakili wake anaanza kushuku na kufuatilia mwenyewe pamoja na mkewe. Hawafiki mbali. Mwishoni Blake yuko kwenye chombo cha wafungwa, mlinzi anamwambia aiangalie Dunia kwa mara ya mwisho, naye anajibu kuwa atarudi. Nioneshe tamthilia ya mwaka 1978 iliyothubutu kuanza namna hiyo.

Hatua ya 3: Msikilize Blake, lakini mwangalie Avon

Avon, aliyechezwa na Paul Darrow, ni mtaalamu wa kompyuta aliyefungwa kwa kujaribu kuiibia benki ya Shirikisho. Haamini mapinduzi na hajifichi. Kila Blake anapotoa amri, angalia uso wa Avon kabla hujaangalia kitu kingine. Kuna watu huchukua daftari na kuandika nani kamwamini nani katika kila sehemu. Nilifanya hivyo mara ya pili, na nakushauri ufanye.

Hatua ya 4: "Pressure Point" na "Trial" usiku mmoja

Hizi ni za msimu wa pili, na mimi nasema ndiyo moyo wa kazi nzima. Blake anaamini kituo kikuu cha kompyuta cha Shirikisho kiko chini ya ardhi, hapa Duniani. Anawaingiza wenzake humo, anafika wa kwanza, anashangilia kwa sauti kama mtoto. Halafu anatazama pembeni. Chumba ni kitupu, kituo kilishahamishwa miaka 30 nyuma. Wakati wa kutoka, Gan, mmoja wa wenzake, anafia chini ya mlango alioushikilia ili wenzake wapite.

Tamthilia nyingine ingesonga mbele wiki inayofuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Hii inakupa "Trial", ambapo Blake anajitenga na wenzake wanakaa kuulizana kama bado wanamhitaji. Ukifika "Star One" mwishoni mwa msimu, Cally, mmoja wa wenzake, anamuuliza kama wana haki ya kuharibu mitambo ya kituo hicho ambayo ikizimwa watu wengi watakufa. Jibu la Blake ni kwamba lazima washinde, maana hiyo ndiyo njia pekee ya yeye kuwa na hakika kuwa alikuwa sahihi. Simamisha hapo, lirudie.

Hatua ya 5: Msimu wa tatu, chagua

"Dawn of the Gods" unaweza kuiruka. "Rumours of Death" usiiruke kwa lolote, wala "Sarcophagus" ya Tanith Lee, inayoanza na dakika kadhaa za ibada ya mazishi bila neno hata moja.

Hatua ya 6: "Orbit" kabla ya mwisho

Avon na Vila, mwenzao aliyekuwa mwizi, wako kwenye chombo kidogo kilichozidi uzito. Wanatupa nje kila kinachong'oka, bado zinahitajika kilo 70. Avon anaiuliza kompyuta Orac. Orac inamjibu kuwa Vila ana kilo 73. Kisha Avon anachukua bunduki na kuanza kumwita rafiki yake kwa sauti ya upole, akisema anahitaji msaada, na Vila amejibanza pembeni analia kimyakimya. Kuta unazozicheka hutaziona tena.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mbona inaitwa 7 na mimi nawahesabu sita?*

Mkuu, hesabu na Zen, kompyuta ya Liberator. Baadaye Blake mwenyewe anaondoka na jina linabaki.

*Kaka, naweza kuangalia na wanangu? Wa mwisho ana miaka minane.*

Dada yangu, ya kwanza itazame peke yako kwa sababu ya ile kesi. Mkubwa wa miaka kumi na mitatu hivi, kaa naye mzungumze.

*Kwa nini Liberator inaharibiwa kabla ya msimu wa nne?*

Kwa sababu waliotengeneza "Terminal", sehemu ya mwisho ya msimu wa tatu, waliamini ndiyo ya mwisho. Ilipokuwa inarushwa, Machi 1980, mtangazaji akasema itarudi, na waigizaji wenyewe wakashangaa. Ikabidi litafutwe chombo kingine, Scorpio, ambacho ni kibovu kwa makusudi na kinawafaa watu waliochoka.

*Nasikia mwisho wake ni mbaya. Ni kweli?*

Sehemu ya mwisho inaitwa "Blake", imeandikwa na Chris Boucher, na Waingereza waliiona siku nne kabla ya Krismasi. Zaidi ya hapo sisemi. Usisome popote. Itazame usiku ambao kesho yake huamki mapema.