Latke na madonge ya puaro ya Hanuka yaliyookwa

Hanuka, sikukuu ya Kiyahudi ya taa, huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislevu katika kalenda ya Kiyahudi, kwa kawaida Novemba au Desemba kwetu, na hudumu siku nane. Wayahudi hula vyakula vya kukaanga katika siku hizo ili kuyakumbuka mafuta ya Hekalu la Yerusalemu, ambayo, kwa mujibu wa Talmudi, yalitosha kuwasha taa siku moja lakini yakawaka siku nane. Jumuiya ya Kiyahudi ya Lubumbashi, nchini Kongo, ilijengwa hasa na familia zilizotoka kisiwa cha Rhodes, na sinagogi yao, iliyojengwa yapata mwaka 1930 mji ulipokuwa ukiitwa Élisabethville, ingali imesimama. Mapishi ya watu wa Rhodes yana keftes de prasa, yaani madonge bapa ya puaro, mboga ya jamii ya kitunguu yenye shina refu. Latke, yaani vidonge bapa vya viazi vilivyoparuzwa, ambazo leo zinajulikana zaidi duniani, ni chakula cha Wayahudi wa Ulaya Mashariki. Vyote viwili vinakubali kuokwa, mradi mpishi ajue namna ya kuyaondoa maji.

Kwa kuwa mafuta ndiyo kiini cha sikukuu yenyewe, sioni sababu ya kuyafuta kabisa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takribani kilokalori 120, na vijiko vitatu vinatosha kuoka sinia nzima ya latke, ilhali kikaango huhitaji kuongezwa mafuta kila mzunguko. Mafuta ya zeituni yanaiafiki hadithi, lakini ya alizeti yanafaa vilevile. Mawese nayaacha kwa ajili ya sombe (kisamvu), kwa sababu harufu na rangi yake huifunika ladha ya puaro.

Kwa latke, chukua nusu kilo ya viazi ulaya, karoti mbili, kurjeti moja ya wastani (mboga inayofanana na tango), kitunguu kimoja, mayai mawili, vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi na pilipili manga kidogo. Paruza mboga zote kwa upande wa matundu makubwa, kisha inyunyizie kurjeti nusu ya ile chumvi na uiache kwa dakika kumi, kwani hiyo ndiyo yenye maji mengi kuliko zote. Weka mboga ndani ya kitambaa safi na ukikamue juu ya bakuli, ukikizungusha mpaka matone yakome. Usimwage maji hayo upesi. Yakitulia dakika tano, utaona chini ya bakuli tabaka jeupe, zito, lililoganda kama chokaa mbichi: huo ni wanga wa viazi. Mwaga maji ya juu polepole na uurudishe wanga kwenye mboga, kwa maana ndio utakaozishikanisha bila kukulazimu kuongeza unga zaidi.

Maji yanasisitizwa hivi kwa sababu sehemu ya chakula yenye unyevu haipati joto zaidi ya lile la maji yanayochemka, ambalo hapa kwetu Lubumbashi, kwenye mwinuko wa takribani mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ni kama nyuzi 96 za Selsiasi. Rangi ya kahawia na ule ukavu wenye kulialia mdomoni huanza kujitokeza vizuri kuanzia nyuzi 140 hivi. Mboga iliyokamuliwa vibaya huchemka badala ya kuokwa, na hakuna muda wa ziada jikoni utakaoiponya.

Mwenye furu (oveni) ya umeme aiwashe kwa nyuzi 220, aiweke sinia tupu ndani mpaka ipate moto kabisa, ndipo aipake mafuta na kupanga madonge yaliyobonyezwa hadi unene wa nusu sentimita. Yakigusa sinia yanapaswa kulia papo hapo. Yapake mafuta kidogo juu, oka dakika 15, geuza, kisha oka nyingine 10 au 12.

Umeme ukikatika, mbabula (jiko la makaa) inatosha. Tafuta sufuria nzito, tandaza mchanga mkavu chini, uweke juu yake sahani ya bati iliyopakwa mafuta, ufunike, na upange makaa yaliyoshika moto vizuri juu ya mfuniko. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, la sivyo upande mmoja utaungua huku mwingine ukibaki mweupe. Fungua mfuniko mara chache, na umpe nafasi mvuke utoke katika dakika tano za mwisho.

Madonge ya puaro yana njia yake. Chagua puaro nene tatu zenye shina jeupe refu, uzipasue kwa urefu na uoshe kila tabaka, kwa kuwa mchanga hujificha humo, na sheria za kosheri, yaani sheria za Kiyahudi za chakula, zinataka mboga isiwe na mdudu hata mmoja. Zichemshe mpaka zilainike, zikamue, uzikatekate, uzichanganye na kiazi kimoja kilichopondwa, mayai mawili na makombo ya mkate mkavu. Mchanganyiko huu ni laini kuliko wa latke, hivyo hupoa kwanza nusu saa kabla ya kutengenezwa. Nyuzi 200 zinautosha. Wanaoyapika wakati wa Pasaka ya Kiyahudi huweka unga wa matza, mkate usiotiwa chachu, mahali pa makombo ya mkate.

Bimuelos, yale maandazi ya asali ya watu wa Rhodes, nisingeyaoka. Yakiokwa huwa mikate midogo mitamu, na ni afadhali kula moja la kweli.

Latke huliwa na rojo la tufaha au krimu chachu. Desemba maembe huwa mengi sokoni, na embe bichi lililochemshwa na sukari kidogo lina uchachu unaofaa. Mtindi pia unafaa, isipokuwa pale ambapo mlo una nyama, kwani maziwa na nyama havichanganywi. Yanayobaki yahifadhi bila kuyafunika mpaka yapoe kabisa, na siku ya pili uyapashe moto juu ya bati kavu, dakika tano kila upande, bila kuongeza mafuta.