Somo: Kufufua Honda C70 iliyolala bandani, hatua kwa hatua (Tanga)

Usipige kiki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo kosa linaloua pikipiki nyingi za zamani kabla hata hazijamfikia fundi. Mtu anarithi Honda ya babu, anaikuta nyuma ya nyumba chini ya gunia, anamimina petroli mpya kwenye tangi lenye kutu, anapanda na kupiga kiki mpaka jasho limtoke. Pistoni iliyoshikana na silinda haiachii kwa nguvu za mguu. Kinachoachia ni ringi: zinakatika, na vipande vyake vinaichora silinda. Nililifanya hilo mwenyewe kwenye Honda ya kwanza niliyoinunua Pongwe, na silinda ile haikufaa tena.

Hii ninayoielezea leo ni C70 ya ami yangu. Alikuwa msimamizi kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza, na kila Ijumaa aliingia nayo mjini, kanzu ameifunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Alipofariki iliegemezwa ukutani Makorora, ikakaa miaka 19. Nilipofungua boksi la kichujio cha hewa nilikuta kiota cha panya, kimesokotwa kwa nyuzi za mkonge, safi kama kikapu. Sasa inatembea. Imenichukua miezi minne ya jioni na Jumapili.

Kabla hujashika spana

Tafuta kadi ya usajili wa pikipiki. Linganisha namba ya injini na namba ya fremu na zile zilizoandikwa humo. Zisipolingana simama hapo hapo, uende TRA ukaulize kabla hujatoa hata shilingi.

Kisha kagua fremu. Mwili wa C70 ni bati lililokandamizwa, si bomba, na huku kwetu hewa ya bahari huingia ndani yake ikakaa. Nje utaona rangi nzuri, ndani bati limebaki karatasi. Chukua bisibisi, gongagonga kwa ncha chini ya sehemu ya betri na pale uma wa gurudumu la nyuma unapofungwa. Bati zima linalia. Lililooza linanyamaza na ncha inazama. Kama limeoza kidogo, welda mzuri atalitibu, lakini tangi na kabureta viwe vimeshatoka na kuwekwa mbali. Tangi tupu ni la hatari kuliko lililojaa, maana ndani yake umebaki mvuke, na huo ndio unaolipuka.

Piga picha kwa simu kila unapofungua kitu. Bolti ziweke kwenye makopo tofauti, kila kopo na jina lake.

Neno moja kuhusu skrubu za ubavuni mwa injini. Zinafanana na za nyota za kawaida, ila ni za kipimo cha Japani, na bisibisi yetu ya dukani haifiki chini ya kichwa chake. Inateleza na kukila kichwa. Ikwangue ncha kidogo kwa tupa mpaka ikae sawasawa, tia mafuta ya kulegeza kutu, subiri hadi kesho, kisha weka bisibisi ya kupigwa nyundo na uipige kweli. Skrubu ikishaharibika kichwa, utaichimba kwa siku nzima.

Hatua ya 1: Injini iliyoshika

Fungua plagi. Silinda ya C70 imelala mbele, karibu sawa na ardhi, kwa hiyo ukimimina oili kwenye tundu la plagi itatuama upande wa chini tu na upande wa juu utabaki mkavu. Wengi hawalijui hili, wanamimina wiki nzima bila mafanikio. Inua gurudumu la mbele, uliweke juu ya matofali ya kutosha ili pikipiki itazame juu, ndipo oili ikae juu ya pistoni pande zote. Mimi nilichanganya dizeli na oili ya gia, nusu kwa nusu, nikaongeza vijiko viwili kila jioni.

Siku ya nne fungua mfuniko wa magneto, kile kizalisha umeme cha injini, upande wa kushoto. Weka spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, jaribu kuizungusha kidogo mbele, kidogo nyuma. Usitundike bomba kwenye spana ili upate nguvu. Kama haiendi, ongeza oili, rudi kesho. Yangu iliachia siku ya tisa. Haikutoa mlio wowote. Nilihisi tu mkono umekwenda upana wa kucha, kisha upana wa kidole. Nikaiacha hapo hapo, nikaongeza oili, nikaenda kulala. Kesho yake ikazunguka mzunguko mzima.

Ikishazunguka, mwaga oili yote ya zamani kupitia bolti ya chini. Yangu ilitoka nzito kama uji wa muhogo, na rangi yake ya kijivu ilimaanisha maji yameingia. Tia oili mpya ya bei ya kawaida, izungushe injini kwa mkono, imwage tena. Ile nzuri itakuja baadaye.

Hatua ya 2: Tangi

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo watu hukosa subira. Petroli ya miaka mingi hugeuka kuwa kitu kama gundi ya kahawia, yenye harufu ya rangi iliyochacha. Imwage mbali na jiko na mbali na kisima. Suuza kwa maji ya sabuni ya unga mpaka mafuta yaishe, la sivyo siki haitaigusa kutu.

Tia kokoto ndogo au kipande cha cheni, tikisa kwa dakika kumi, toa. Ziba tundu la chini, ujaze siki nyeupe mpaka juu kabisa. Ukijaza nusu, ile nusu ya juu itabaki na kutu na utakuwa umefanya kazi bure. Acha siku mbili, chungulia kwa tochi. Bati likiwa la kijivu kama sufuria iliyosuguliwa, mwaga.

Sasa ni mbio. Bati tupu lenye unyevu, kwa hewa ya Tanga, hushika kutu mpya ukiwa bado unatafuta kitambaa. Suuza kwa maji yenye vijiko viwili vya baking soda ili kuua ukali wa siki, suuza kwa maji matupu, likaushe papo hapo kwa pampu ya upepo au jua kali la saa saba. Mara tu linapokauka, mimina petroli kidogo iliyochanganywa na oili, lizungushe mpaka kila kona ilowe.

Hatua ya 3: Kabureta

Ifungue juu ya sinia jeupe, maana jeti zake, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli, ni ndogo na zikidondoka mchangani umezipoteza. Ile skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, kabla hujaitoa, ikaze taratibu mpaka iguse mwisho huku ukihesabu imezunguka mara ngapi, uandike. Utakaporudisha, utairudisha palepale.

Tundu za jeti zisafishe kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie pini wala sindano. Chuma kinapanua tundu, na tundu likishapanuka pikipiki itakunywa petroli maisha yake yote. Iinue jeti uelekee dirisha: ukiona nuru ya duara kamili, imepona.

Hatua ya 4: Moto wa plagi

C70 nyingi za zamani ni za volti 6. Soma maandishi kwenye balbu kabla hujanunua betri. Ukitia ya volti 12 utaunguza balbu zote. Kwa hizi za kiki zisizo na stata, moto wa plagi unatoka kwenye magneto, hauhitaji betri, basi usihangaike na betri mwanzoni.

Zungusha flaiwili, chungulia kwenye matundu yake utaona pointi, vile vichwa viwili vinavyogusana na kuachana. Baada ya miaka mingi vinakuwa na utando. Pitisha kipande cha msasa laini, kisha kipande cha kadi kavu cha kufutia vumbi. Nafasi yake inapoachana kabisa iwe kati ya milimita 0.3 na 0.4. Plagi mpya, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Ishike plagi kwa plaizi yenye mpira, iguse kwenye chuma cha injini, mbali na petroli, mwenzako azungushe. Unataka cheche ya bluu yenye mlio. Ikiwa ya manjano na dhaifu, badilisha kondensa (kile kikopo kidogo cha umeme kinachofanya kazi na pointi) kwanza, ndiyo huchoka kabla ya koili.

Ukiwa hapo rekebisha nafasi ya valvu, injini ikiwa ya baridi: milimita 0.05 zote mbili, alama ya T ya flaiwili ikiwa imelingana na mstari na valvu zote mbili zimefungwa.

Hatua ya 5: Breki, matairi na gololi

Tairi lenye nyufa ubavuni ni la kutupa, hata kama kashata zake zimejaa. Ngoma za breki zisugue kwa msasa. Vumbi la breki shuu za zamani usilipulize, huwa lina asbesto, inayoumiza mapafu. Lifute kwa kitambaa kilicholowa maji.

Ukishusha uma wa mbele, tandika shuka chini. Usukani unazunguka juu ya gololi zilizo huru, juu na chini, nazo zitamwagika zote kwa mpigo. Zihesabu. Moja ikipungua, usukani utakwamakwama.

Hatua ya 6: Kuiwasha

Oili nzuri sasa, lita 0.8. Plagi ikiwa nje, swichi imezimwa, fungua mfuniko wa valvu ya juu na upige kiki taratibu, mara 30 au 40. Unangoja kuona oili inameta kwenye valvu. Mpaka uione usiiwashe, hata kama mtaa mzima umekuja kutazama. Nikaiona. Ndipo nikarudisha plagi, nikatia petroli nusu lita, nikavuta choki. Kiki ya sita iliitika, ikazima. Ya saba ikashika, ikatoa moshi mweupe uliojaza uchochoro, na mama yangu akatoka jikoni akasema, "Huyo ni shemeji anakuja." Sauti ile ile.

Rangi

Iwe ya mwisho. Usipulize wakati wa masika. Unyevu ukizidi rangi hupata ukungu mweupe usiofutika. Mimi ningeiacha rangi ya asili kila palipo salama. Mikwaruzo ya keria ile ni ya miaka ya ami, sikuigusa.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mabawa:* Kaka, fundi wangu ananiambia nitoe injini hiyo nifunge ya Kichina ya cc 110, inaingia palepale. Kwa nini nihangaike?

Ni kweli nyingi zinaingia, kwa kuwa zimeigwa kutoka ukoo huu huu wa Honda, Super Cub, ulioanza mwaka 1958. Lakini namba ya injini haitalingana tena na kadi, na breki za ngoma zile ndogo hazikutengenezwa kwa mwendo huo. Chukua kwao nyaya, balbu na plagi, vinavyofaa. Injini iache. Honda walitangaza kutimiza Super Cub milioni 100 mwaka 2017. Vipuri vyake bado vinatengenezwa.

*Mwanachama wa Muheza:* Shikamoo mwalimu. Yangu imewaka ila inatoa moshi wa bluu hauishi.

Marahaba. Dakika za mwanzo ni oili uliyoimimina kwenye silinda, inaungua. Itembeze kama saa moja. Moshi ukibaki, tazama lini unatoka. Ukitoka unapoanza tu kuvuta mafuta baada ya mteremko, ni sili za valvu. Ukitoka muda wote, ni ringi au silinda: mpelekee tona, fundi wa mashine ya kuchonga vyuma, aipime na kuitanua, kisha ufunge pistoni kubwa zaidi kwa milimita 0.25 au 0.50. Nunua pistoni kwanza, ndipo uende kwa tona. Atanue kwa kuifuata.

*Mwanachama wa Raskazone:* Asidi ya betri haiwezi kusafisha tangi haraka kuliko siki?

Inaweza, na inaweza pia kutoboa bati, na mvuke wake ukakuumiza mapafu. Usiilete nyumbani penye watoto. Siku mbili za siki si nyingi.

*Mwanachama wa Korogwe:* Mimi ninayo Yamaha ya tu-stroki. Nifuate somo hili hili?

Tangi, kabureta na breki, ndiyo. Injini, hapana. Hiyo hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, na pampu ya oili iliyolala miaka mingi si ya kuaminiwa. Mpaka uhakikishe inasukuma, changanya mwenyewe: mililita 40 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli. Na sili za krenki zitakuwa zimekauka, zibadilishe kabla ya yote.

*Mwanachama wa Chumbageni:* Assalaam alaykum. Mume wangu alifariki akaacha Honda kama hii. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja mara mbili, anataka kuipima kwa kilo. Kadi ipo kwa jina la marehemu. Wanangu bado wadogo.

Waalaykum salaam dada yangu, Mungu amrehemu. Tafadhali usiiuze kwa kilo. Kadi ikiwepo pikipiki hiyo ina thamani, hata ikiwa haiwaki. Kubadilisha jina kunahitaji msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kisha TRA. Basi iingizeni kwenye orodha ya mali za marehemu sasa hivi, pamoja na namba ya fremu. Kwa leo mwambie kijana mmoja wa jirani atoe petroli yote, afungue plagi, amimine vijiko viwili vya oili, arudishe plagi. Asipige kiki. Aiweke juu ya matofali, matairi yasiguse sakafu, mbali na ukuta unaovuja. Na usiifunike kwa nailoni, inafungia unyevu ndani. Shuka kuukuu linatosha.