Ukiandika pasa, kache na erori vipange pamoja

Pasa ni programu inayosoma maandishi, mfano kodi, na kuyapanga kwa kufuata kanuni za sarufi. Wengi wanaanza na kache (majibu yaliyohifadhiwa ili yasitafutwe upya) maana wanataka spidi, erori, yaani ujumbe wa makosa, wanaziacha mwisho kabisa, halafu wanashangaa mbona pasa inalia "sintaksi mbaya, mstari wa 1" wakati kosa liko mstari wa 340. Ni kwa sababu ilijaribu njia zote, zikagoma, ikarudi mwanzo kabisa na haikumbuki ilifika wapi.

Kwanza kache. Pasa inayojaribu njia moja, ikikwama inarudi nyuma kujaribu nyingine, inaweza kusoma kipande kilekile mara kibao. Mtafiti wa kompyuta Bryan Ford alionyesha mwaka 2002 kwamba ukihifadhi jibu la kila kanuni kwa kila sehemu, muda unaenda sambamba na urefu wa maandishi, ila sasa memori ndo inaliwa. Kwa hiyo usihifadhi kila kitu! Pima, chagua kanuni zinazoitwa tena na tena sehemu ileile, zile za tokeni moja (kipande kidogo kama neno, namba au alama) achana nazo kabisa, kuisoma upya ni rahisi kuliko kuitafuta kwenye kache. Na hifadhi "imeshindikana" pia, sio mafanikio peke yake.

Sasa erori. Kanuni kukwama sio kosa la mtumiaji, ni njia tu haikufaa, so usitengeneze ujumbe kila inapokwama, utaunda maelfu uje uzitupe. Kumbuka sehemu ya mbali zaidi pasa ilipofika na tokeni zilizotegemewa pale, mara nyingi kosa liko hapohapo.

Ukitaka ujumbe wa maana zaidi soma raundi mbili: ya kwanza bila kanuni za kunasa makosa (zinazoelezea makosa ya kawaida ili zitoe ujumbe wake), ikifeli ndo unaziwasha unaanza upya. Lugha ya programu ya Python, iliyobadilisha pasa yake kwenye toleo la 3.9, inafanya hivi, na kabla ya raundi ya pili inafuta kache yote. Hapo usipafanyie mzaha, ukiiacha kache ya zamani jibu la "imeshindikana" linarudi lilelile na kanuni zako mpya hazifikiwi. Faili bovu linasomwa mara mbili, sawa, lakini lisilo na kosa halilipii chochote, mi naona ni biashara nzuri.

Kama pasa ni ya edita, ambapo mtu anachapa na wewe unasoma papohapo, kila jibu kwenye kache liandikie pia lilichungulia mpaka wapi mbele, sio lilipoishia tu, maana herufi ikibadilika pale palipochunguliwa jibu hilo nalo lifutwe.