Pleti zinawaka, oveni haipati moto: pima kwanza kabla hujanunua elementi

Natengeneza majiko ya umeme hapa Dar es Salaam, na kazi nyingi zinazonifikia zimeshapita mkononi mwa mtu mwingine. Majuzi nilimsaidia dada mmoja anayeoka keki za oda. Pleti za juu zilikuwa zinawaka vizuri, oveni baridi. Alikuwa ameshauziwa elementi mpya, kile chuma kinachotoa joto ndani ya oveni, ikafungwa, na bado moto hakuna. Elementi yake ya zamani nilipoipima ilikuwa nzima kabisa. Naandika haya ili mwenzake asitoe fedha bure.

Unahitaji bisibisi ya nyota na multimita ya namba, yaani mita ya kupima umeme. Ile tesita ya bisibisi yenye kitaa iweke pembeni. Itakuonyesha kwamba umeme upo, lakini haikwambii ni volti ngapi, wala kama nyutro, waya wa kurudisha umeme, imekatika. Jiko halipimwi kwa tesita.

Hatua ya 1: Anza na saa ya jiko

Tatizo la yule dada lilikuwa hapa, na hapa ndipo watu wengi wanapotezea siku nzima. Kwenye majiko mengi, hasa yanayotoka Ulaya, saa si pambo. Ndani yake kuna swichi inayoruhusu au kuzuia umeme wa oveni. Umeme wa TANESCO ukikatika na kurudi, saa inaanza upya: namba zinamwekamweka, au inaonekana herufi A au neno AUTO. Ikiwa katika hali hiyo, oveni haipewi umeme hata ukizungusha nobu zote. Pleti za juu hazipiti kwenye saa, ndiyo maana zinaendelea kuwaka, na mtu anaamini elementi imekufa.

Kama saa ni ya namba, tafuta kitufe chenye picha ya mkono, ukibonyeze na kukishikilia kidogo. Kama hakipo, mara nyingi unabonyeza pamoja vile vitufe viwili vya muda wa kupika na muda wa kumaliza. AUTO ikitoweka na picha ya mkono au sufuria ikatokea, umefanikiwa. Halafu weka saa sawa, kwa sababu baadhi ya majiko hayakubali kuwasha oveni mpaka saa iwekwe.

Kama saa ni ya kuzungusha, yenye dakika mpaka 120, sifuri maana yake ni kuzima. Kupika bila kuhesabu muda, nobu inatakiwa ikae kwenye picha ya mkono, ambayo kwa mengi iko upande wa kushoto wa sifuri. Ukikuta inagoma kwenda upande huo, usiilazimishe. Jaribu kwanza kuiweka kwenye dakika 30 uone kama oveni inapata joto. Ikipata, oveni yako ni nzima. Nyumba yenye watoto, nobu hii ndiyo inayochezewa kuliko zote.

Oveni za kisasa zina mambo mengine mawili. Kufuli ya watoto, yenye alama ya ufunguo, hufunguka kwa kushikilia kitufe chake kwa sekunde kadhaa. Pili, oveni iliyokuwa ya maonyesho dukani huweza kubaki katika hali ya maonyesho: taa inawaka, feni inazunguka, namba zinapanda, joto sifuri. Kuiondoa kunategemea modeli, kwa hiyo soma kitabu chake. Ukinunua oveni iliyokuwa imewekwa dukani watu waione, iwashe hapohapo mpaka uhisi joto kwa mkono.

Ukishaweka saa sawa, sikiliza. Nyingi hutoa mlio mdogo, tik, zinaporuhusu umeme. Kimya kabisa maana yake swichi ya ndani ya saa inaweza kuwa imeungua. Kwa jiko la kawaida lenye nobu, fundi anaweza kuziunganisha nyaya mbili nene zinazopita kwenye saa, oveni ikafanya kazi bila kuhesabu muda. Hilo nalikubali, kwa sababu thamostati, inayokata umeme joto likifika pale ulipoweka nobu, bado inalinda joto. Oveni inayoendeshwa na bodi ya kielektroniki usiifanyie hivyo.

Hatua ya 2: Umeme unaofika

Oveni ndogo ya mezani: angalia fyuzi ya ndani ya plagi, na uichomeke ukutani moja kwa moja. Plagi ya ampea 13 inabeba karibu wati 3,000. Usiigawane na birika kwenye ekstenshini.

Oveni inayopata joto lakini taratibu mno, pima volti kwenye soketi iliyo karibu nayo, oveni ikiwa imewashwa. Inatakiwa iwe karibu 230. Ikishuka mpaka 170, elementi inatoa nusu tu na kidogo ya nguvu yake, maana nguvu hupungua kwa kasi kuliko volti. Hapo hakuna cha kubadilisha ndani ya jiko.

Jiko kubwa la mtumba lililofungwa upya: waulize waliolifunga kuhusu vidaraja vya shaba kule nyuma unapoingia waya mkuu. Majiko ya Ulaya yametengenezwa yaweze kupokea fezi tatu, yaani njia tatu za umeme. Ukileta fezi moja, vidaraja lazima viunganishe sehemu zote tatu za laivu, waya unaoleta umeme, la sivyo baadhi ya pleti zinawaka na oveni inabaki haina umeme.

Hatua ya 3: Fungua nyuma

Zima breka, siyo swichi ya ukutani peke yake. Pima uhakikishe ni sifuri, laivu kwa nyutro na laivu kwa ethi, waya wa ardhini.

Chomoa waya mmoja wa elementi kabla ya kupima. Usipochomoa, mita inasoma njia nyingine na kukudanganya. Elementi ya wati 2,000 inasoma ukinzani wa kama omu 26, ya wati 1,200 kama omu 44. Mita isiposoma kitu, imekatika, nunua nyingine. Kisha pima kati ya mguu wa elementi na ganda lake la chuma. Hapo hapatakiwi kusoma kitu. Kwetu pwani, elementi iliyokaa muda mrefu bila kutumika hunyonya unyevu na kuangusha breka. Mara nyingi ukiikausha kwa joto ndani ya oveni nyingine, inapona.

Thamostati: weka nobu kwenye 200 oveni ikiwa baridi, mita inatakiwa isome karibu sifuri.

Kinga ya joto, inayokata umeme oveni ikipata moto kupita kiasi, ni kile kidude kidogo cha duara nyuma ya bati la oveni. Nayo isome karibu sifuri. Kama ina kitufe katikati, kibonyeze. Kama imekufa, nunua nyingine ya nyuzi zilezile zilizoandikwa juu yake. Kuna mafundi wanaoiruka kwa kipande cha waya. Usikubali kamwe. Thamostati ikinasa siku moja, hakuna kitakachozuia kabati la jikoni kushika moto. Tena uliza kwa nini ilikata: mara nyingi feni ya kupooza imekwama kwa mafuta na vumbi.

Mwisho angalia vichwa vya waya kwenye swichi ya kuchagulia moto. Kilichogeuka kahawia na kulegea, kata, weka kipya cha kubana kwa koleo. Usilehemu kwa risasi, itayeyuka. Na waya uwe wa kuhimili joto. Ule wa kawaida wa nyumba umetengenezewa nyuzi 70 tu. Ukifunga elementi mpya, washa oveni tupu kwenye 200 kwa nusu saa, madirisha wazi, moshi wa kiwandani uishe kabla ya kuweka keki.