Kabla ya Kuiacha Ndege Ndogo Nje: Tundu la Hewa la Tangi

Kama Cessna 172 yako italala nje wiki nzima msimu wa masika, usianze na matairi. Inama chini ya bawa la kushoto, karibu na mhimili unaolishikilia, utaona mrija mdogo umechomoza. Hapo ndipo matangi yanapovutia hewa. Katika zile za zamani zenye kabureta, mafuta hushuka kwa uzito wake tu, na kila yanapopungua lazima hewa ijaze nafasi. Mrija ukiziba, mafuta hukwama tangini na injini inaweza kuzimika angani huku geji ikionyesha yamebaki tele. Baadhi ya vifuniko vya tangi vina tundu la akiba. Ni msaada, lakini mimi siwezi kuyaweka maisha ya abiria hapo.

Anayeziba sana ni nyigu wa udongo, yule wa kiuno chembamba ajengaye vijumba vya tope ukutani. Jike akipata tundu linalomtosha hulijaza buibui aliowapooza kwa sumu, hutaga yai, halafu hukandika mlango. Wala hahitaji wiki. Novemba 2013, Brisbane nchini Australia, Airbus A330, ndege kubwa ya abiria, ililazimika kurudi uwanjani baada ya kuruka. Ilikuwa imekaa chini saa mbili hivi, na mabaki ya kiota yalikutwa ndani ya bomba la pito, lile linalopima kasi.

Kwa hiyo vifuniko viwe tayari kabla hujaondoka nyumbani. Bomba la pito lifunike kabisa. Mrija wa tangi ni habari nyingine: usiuzibe kwa utepe wa kunata wala kitambaa kilichosokotwa, kwa sababu jua la mchana hutanua mafuta na lazima yapate pa kupumulia. Tumia kifuniko cha wavu mwembamba, unaopitisha hewa na kumzuia mdudu. Kila kifuniko kiwe na utepe mwekundu mrefu unaopepea. Andika idadi yake kwenye karatasi na uitundike kwenye usukani, maana kusahau kukitoa nako ni hatari: Julai 2018, hapo hapo Brisbane, A330 nyingine iliruka na vifuniko vyote vitatu vya pito vikiwa bado vimevalishwa. Ilitua salama.

Siku ya kurudi, vihesabu vifuniko kwa mkono, kisha mulika mrija kwa tochi. Ukiona tope, utando au majani makavu, usichokoe kwa waya wala usipulize kwa kompresa. Ndani kuna vali ndogo, na uchafu utausukuma mbele zaidi. Mwite fundi.

Baada ya kutua safari ya kwanza, fungua kifuniko cha tangi taratibu. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa kishindo, mrija haupitishi. Ndege isiruke tena mpaka uzibuliwe.