Somo: Kupanda mti wa kumbukumbu ya Malkia Elizabeth kwenye gadeni yako (mlioko Uingereza)

Wakuu habari zenu. Malkia alipofariki tarehe 8 Septemba 2022, ule mpango wa miti wa jubilii yake ya miaka 70, Queen's Green Canopy, ulisogezwa mbele hadi Machi 2023 ili watu wapande kwa kumkumbuka, ikafika zaidi ya miti milioni 3. Mpango ulishafungwa ila wewe hujachelewa, gadeni ni yako. Kama umepanga muombe mwenye nyumba kwanza, na kama ni uwanja wa mtaa waone kaunsili.

1. Mti. Wengi wanakimbilia mwaloni kisa ni mti wa heshima na unaishi mamia ya miaka, sawa, lakini unakuwa mkubwa mno na kwenye udongo wa mfinyanzi mizizi inanyonya maji mpaka udongo unasinyaa halafu ukuta unapata nyufa. Kwa hizi gadeni zetu ndogo chukua mtufaha mwitu (crab apple), maua yake mazuri sana na ndege wanakula matunda.

2. Muda. Novemba mpaka Machi, mti ukiwa umelala. Hapo unapata miche ya mizizi mitupu, isiyo na kopo wala udongo, na bei yake ni nafuu. Ardhi ikiganda subiri.

3. Shimo. Kina kiwe sawa na mizizi tu, upana mara tatu. Jamani hapa ndo miti mingi inauawa, mtu anafukia mpaka shina! Pale mizizi inapoanza kutawanyika pawe usawa wa ardhi. Rudishia udongo uleule, kanyaga taratibu, weka kigingi kifupi ufunge na mkanda laini usiokaba.

4. Tandaza vipande vya magome kuzunguka mti ila visiguse shina. Halafu maji, kila kiangazi kwa miaka miwili ya mwanzo, ndoo nzima kwa mara moja kuliko kunyunyizia kidogo kidogo. Ukijua hutaweza kumwagilia bora usiweke jina la marehemu kabisa, mti wa kumbukumbu ukikauka inaumiza.

5. Kibao kikae kwenye kijiti chini, usipigilie msumari kwenye shina. Elizabeth II, 1926–2022, inatosha.

MASWALI

Swali: Mi nakaa flati nina kibaraza tu, inawezekana?
Jibu: Ndio dada, omba mtufaha wa kimo kifupi, uweke kwenye chungu kikubwa chenye matundu chini, ila joto likizidi umwagilie kila siku.

Swali: Mkuu huyu si ndo alikuwa malkia wa mkoloni, Mau Mau tumewasahau?
Jibu: Hatujasahau ndugu, na halazimishwi mtu. Hatua ni hizihizi, mpandie babu yako aliyepigana, nitafurahi vilevile.

Swali: Niko Nyeri, hoteli ya Treetops si mbali, Elizabeth alikuwa pale Februari 1952 babake alipofariki. Nataka kupanda mugumo, ule mti mkubwa wa jamii ya mkuyu.
Jibu: Hapo umegusa penyewe, ile hoteli ya kwanza ilijengwa juu ya mugumo. Ongea na wazee kwanza maana kwa Wakikuyu ni mti wa ibada, panda masika yakianza, na uweke pembeni ya shamba mbali na nyumba na mabomba.