Kufuga chiriku wa Gould hapa Moshi

Asili yao ni kaskazini mwa Australia, na nchi ile ilizuia kusafirisha ndege wake wa porini tangu 1960. Kwa hiyo tafuta waliototolewa kwa mfugaji. Kabla ya kutuma hela, pata kibali cha mifugo cha kuwaingiza, na mdai muuzaji cheti cha afya.

Wakifika, watenge siku 30, hata wakionekana wazima. Jozi yangu ya kwanza niliichanganya na wengine siku ya tatu; nikazika ndege watano.

Baridi ndiyo adui. Huku Pasua Januari hawana shida, lakini Juni na Julai, wingu likitanda mlimani, mimi huhamishia tundu ndani, mbali na dirisha.

Chakula ni uwele na ulezi, kiasi ukiloweka mpaka uchipue. Usisahau maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa: jike akikosa chokaa, yai humkwama, na hapo mara nyingi unampoteza.

Kiota ni sanduku la mbao, sentimita 15 kila upande, weka makumbi makavu ya nazi. Jike hutaga mayai 4 hadi 8, na wote wawili huatamia kwa zamu kama wiki mbili. Vifaranga wakitotolewa, chungulia mara moja tu kwa tochi. Pembeni mwa midomo utaona vishanga vya buluu viking'aa. Havitoi mwanga, vinaurudisha tu, wazazi wajue pa kulisha gizani. Mimi bado hushika pumzi nikiviona.